Rangi ya Iodini na Vioo vya Sista Lioba

8 Novemba 1954

Ifahamike kwa watu wote wa Kagongwa na vijiji vyake, wake kwa waume, wenye ng'ombe na wasio nao, kwamba leo saa nne asubuhi bafu la wanawake la hospitali yetu ya misheni limepata mlango. Ni mlango wa mbao, wenye bawaba mbili na komeo la ndani. Paroko alialikwa kuja kuubariki, akajibu kwamba ana mazishi. Basi niliubariki mwenyewe kwa kuufungua na kuufunga, kuufungua na kuufunga, mpaka Bibi Kabula, mzee anayelitunza bafu hilo, akaniambia, "Mama Thobias, utaung'oa kabla hajaoga mtu."

Msicheke. Miaka miwili nimelipigania bafu hili. Wanawake wanatembea tangu alfajiri, wanafika hapa na vumbi mpaka kwenye kope, halafu wanaambiwa wakae kwenye benchi wamsubiri daktari. Mwanamke wa huku ukimketisha mbele ya mgeni na vumbi lake, umemtukana. Sasa kuna maji, kuna sabuni, kuna komeo. Mimi Bernadina, mkunga wa hospitali hii, mke wa Maige, mwenye miaka arobaini na minne na uzito ambao mizani ya kliniki iliutaja mara moja ikaharibika, nimeacha alama duniani.

Mvua bado.

11 Novemba

Sista Lioba ameniita ofisini. Huyu ni daktari wetu, mtawa, alikuja mwaka jana kutoka kwao Ulaya na Kiswahili alichojifunza kwenye kitabu. Siku ya kwanza alimwambia mbuzi aliyeziba njia, "Tafadhali, waweza kunipisha?" Mbuzi akapisha. Tangu hapo watu wanamheshimu, ila kumpenda bado. Hacheki. Mimi pia namwona mkavu kama mkate wa juzi.

Leo alikuwa amesimama dirishani. Wiki iliyopita tulimrudisha nyumbani mwanamke wa Isaka aliyekuja akitoka damu na harufu, mlango wa kizazi umeliwa wote. Hatukuwa na la kufanya zaidi ya dawa ya maumivu.

"Tumechelewa tena, Mama Bernadina," akasema. "Donda lile halikuanza mwaka huu. Huanza juu juu, kimya, miaka mingi kabla mwanamke hajaumwa. Likionekana wakati huo, linakatwa, linaisha."

"Na litaonekanaje, kama haumwi?"

Akanieleza njia mbili. Ya kwanza: unakwangua mlango wa kizazi kwa kijiti, taratibu, unapaka ulichokipata kwenye kipande cha kioo, unakipeleka pwani kwa mtaalamu wa darubini, naye anatazama chembe kama zimeharibika. Ya pili: unapaka iodini, hiyohiyo ya vidonda. Mahali pazima panageuka rangi ya kahawa. Mahali pabaya rangi haishiki, panabaki pa njano. Kioo ni gharama na kungoja mwezi mzima. Iodini ni chupa moja na majibu hapohapo.

"Na ipi inasema kweli, Sista?"

"Hilo ndilo nataka kujua. Msimu huu wa mvua kila mwanamke tutampima kwa zote mbili, halafu tulinganishe. Ikishinda iodini, naweza kukufundisha wewe, ukaenda nayo vijijini. Kazi yako sasa ni kuwaita."

Kuwaita! Huku mtu haendi hospitali akiwa mzima. Hata mgonjwa huja akishamaliza waganga wote na mbuzi wote.

15 Novemba

Nimekwenda sokoni kwa Euphrasia. Ukimpata Euphrasia umepata soko zima.

Huyu ni mwenzangu tangu Geita. Mwaka thelathini na nane waume zetu, Maige wangu na marehemu Pantaleo wake, walikuwa wanachimba shimo moja kule mgodini, na sisi tulikaa nyumba zilizopakana ukuta. Ukuta wenyewe mwembamba: mmoja akipiga chafya, wa pili anasema "afya". Tulikuwa wembamba na sisi, Mungu shahidi. Jioni ya malipo fundi cherehani mmoja wa Kihaya alikuwa anatoa gramafoni nje, tunacheza mpaka vumbi linapanda, na wale wazee wa kambi wanasonya. Sasa Pantaleo yuko kaburini, mavumbi ya mawe yalimla mapafu, Maige baruti zimemla masikio, na Euphrasia anakaanga vitumbua Kagongwa.

"Bena, umekuja kununua au kuonja?"

"Nimekuja kukuita hospitali."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi hospitali ya nini?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Alinisikiliza huku anageuza vitumbua, kisha akasema kwa sauti ya soko zima, "Yaani niache mafuta yanachemka, nikamfunulie mtawa mchana kweupe kitu ambacho Pantaleo, Mungu amrehemu, alikijua kwa kupapasa?"

Wanawake wote wakaangua kicheko, hata muuza chumvi ambaye ni mzee wa kanisa. Nikadhani nimeshindwa. Lakini nilipokuwa naondoka alinifungia vitumbua vinne kwenye jani, akanong'ona, "Mwanamke wa Isaka nilimwona alivyopitishwa hapa kwenye baiskeli. Nitakuja. Na hawa nitawaleta. Ila nitaoga kwanza kwenye hilo bafu lako mnalolitangaza kama ikulu."

18 Novemba

Wamekuja! Benchi halikutosha.

Kazi yenyewe ni hivi. Sista anafungua kwa kile chuma tunachokiita mdomo wa bata. Anakwangua kwa kijiti, anapaka kiooni, mimi natumbukiza kioo kwenye spiriti kabla hakijakauka. Kisha anachovya pamba kwenye iodini na kupaka. Mimi nashika taa na kushika mkono wa mwanamke, na kwa kuwa sina mkono wa tatu, mbu ananiuma bila kizuizi.

Kwa wengi rangi ilishika vizuri, kahawia iliyokolea, laini. Kwa wachache palibaki vipunje vya njano. Kwa Euphrasia rangi ilishika kote isipokuwa upande mmoja: kipande cha njano chenye ukingo, sawa na kucha ya kidole gumba.

Sista alitazama muda mrefu. Euphrasia akasema kutoka juu ya meza, "Mbona kimya? Mmeona dhahabu?"

20 Novemba

Mvua ya kwanza. Maige amesimama uani na mikono wazi kama padri. Anasema haisikii ila anaiona.

1 Desemba

Tunapanda pamba. Mgongo.

4 Desemba

Wanawake wawili wa Isaka waliokuwa na vipunje vya njano wamekubali kufinywa kidogo, yaani Sista achukue kinyama kama punje ya mtama akipeleke pwani. Euphrasia amekataa. "Ngoja kioo kiseme kwanza," anasema. "Siwezi kukatwa kwa sababu ya rangi. Mimi si nguo."

Sista hapendi kungoja, lakini hamlazimishi mtu.

17 Desemba

Ignas, dereva wa lori la misheni, amerudi kutoka stesheni ya Shinyanga na bahasha. Treni ilichelewa, reli ilimomonyoka huko chini.

Nitaandika yote kwa sababu leo nimechanganyikiwa.

Mtaalamu wa pwani anasema vioo karibu vyote havina dalili mbaya. Cha Euphrasia kimo: hakuna dalili mbaya. Anaongeza kwamba chembe ni chache mno, tukwangue vizuri zaidi. Na vile vinyama vya wale wawili wa Isaka, vilivyobaki vya njano? Kichocho. Mayai ya kichocho yamejaa humo, basi. Hakuna kansa.

Yaani iodini inamwita mgonjwa hata asiyeumwa, na kioo kinasema kila mtu ni mzima.

Sista aliposoma aliketi na kuvua miwani. "Labda rangi ni mwongo," akasema.

Nikampelekea Euphrasia habari sokoni. Nilijaribu kueleza kwamba lile la njano bado lipo, na kwamba Sista bado anataka kufinya. Hakutaka kusikia neno la pili.

"Kioo kimesafiri mpaka pwani kwa treni, kikatazamwa na msomi, kikasema Euphrasia mzima. Wewe na chupa yako ya vidonda ni nani?"

"Lakini Eufra..."

"Lakini nini? Wale wawili mmewafinya, mmekuta kichocho. Nani hana kichocho huku? Hata bata wanacho." Halafu akanishika mkono, mkono wake una unga. "Bena, furahi pamoja nami. Kwani unataka nife?"

Nikafurahi. Nilikula vitumbua sita. Na ukweli ni kwamba nilifurahi kwa moyo, si kwa adabu tu, kwa sababu kuanzia siku ile ya kucha ya gumba nilikuwa silali vizuri.

25 Desemba

Krismasi. Mbuzi. Maige ameimba Gloria kwa sauti yake mwenyewe na kwa mwendo wake mwenyewe, kwaya ikamfuata kwa huruma.

Nimekumbuka Krismasi ya Geita. Mwaka ule Pantaleo alikuja na mkate wa dukani, mkate wa kwanza tuliouona uliokatwa tayari vipande, tukagawana watu wanne kama komunyo. Euphrasia alivaa viatu vya Pantaleo akacheza navyo. Tulidhani maisha yote yatakuwa hivyo.

10 Januari 1955

Wanawake wanazidi kuja. Bafu lina foleni. Bibi Kabula amekuwa mtu mkubwa, anaamrisha kama akida.

19 Januari

Barua nyingine kutoka pwani, yenye ukali: vioo vyenu ni vitupu, chembe chache, nani anakwangua? Sista amebadilisha kijiti, akamwita seremala achonge vingine vyenye ncha pana. Akabadilisha spiriti. Kisha akanitazama mimi, kwamba labda nachelewa kutumbukiza. Nikanuna mpaka saa ya chai.

Lakini leo nimeingia maabara ghafla nikamkuta mtawa yule amefungua mdomo mbele ya kioo cha kujitazamia, anajikwangua ndani ya shavu kwa kijiti chetu. Akapaka kiooni, akatia rangi, akatazama kwa darubini ndogo ya hospitali.

"Njoo uone," akasema.

Chembe zilikuwa nyingi, zimepangana kama mawe ya mtoni. Kumbe kijiti ni kizima, spiriti nzima, na mimi mzima. Akaniomba radhi, kwa Kiswahili cha kitabu, "Niwie radhi," na shavu limevimba. Sijui kwa nini, jambo hilo lilinigusa kuliko mahubiri ya mwaka mzima. Mkate wa juzi, kumbe ndani una asali.

2 Februari

Mvua imekatika. Jua kama la Septemba. Pamba inanyauka majani.

9 Februari

Kisima kimebaki tope. Kwa amri ya hospitali bafu la wanawake limefungwa mpaka mvua irudi. Nimeutazama mlango wangu. Sina la kuandika zaidi.

11 Februari

Sista ameamua kila mwanamke aliyeonyesha njano apimwe tena kwa kioo. Nimembembeleza Euphrasia kwa njia zote, mwisho nikasema sitanunua vitumbua vyake mpaka Pasaka. Akaona biashara inaanguka, akaja.

Lakini alifika mlangoni mwa chumba akasimama. Hakuingia.

"Mwambie Sista anisamehe. Leo nimekuja kama nilivyo."

"Kama ulivyoje?"

"Sijajiosha. Bafu limefungwa, na nyumbani maji ya ndoo moja tunayanywa na mbuzi."

Sista akasema, "Si neno. Mikono utanawa hapa."

"Si mikono, Sista." Euphrasia akanitazama. "Bena, kwani hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Bibi Kabula anavyotuandaa." Akamgeukia Sista, akieleza polepole kama anamfundisha mtoto. "Kabla ya kuja kwako, kila mwanamke anapewa beseni la maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Anakizungusha kidoleni, anajisafisha ndani, mpaka mwisho, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bibi Kabula anakikagua. Kama hakijawa cheupe, anakurudisha. Sasa tungekujaje kwa mgeni, tena mtawa, hatujajisafisha?"

"Mpaka mwisho?" Sista aliuliza.

"Mpaka mwisho wa kidole. Na mimi nina vidole virefu."

Sista akakaa juu ya kiti cha kupandia mezani. Nilidhani amepata kizunguzungu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na nikaona jambo ambalo hospitali nzima haijawahi kuliona: Sista Lioba anacheka, machozi yanamtoka, na kitambaa cha kichwa kinakwenda upande.

"Chembe zangu zote," akasema, "zote, zimo kwenye vitambaa vya Bibi Kabula!"

Maana kijiti kinaokota zile chembe zilizolegea juu juu. Na zile mbaya ndizo zinazolegea zaidi ya zote. Sisi tulikuwa tunaziosha kwanza, kwa sabuni, kwa heshima zote, halafu tunapeleka pwani kilichobaki.

Euphrasia naye akaanza kucheka kwa kumwona Sista anavyocheka, nami nikacheka kwa aibu. Nani alilipigania bafu? Nani aliubariki mlango? Na mimi mkunga, nilipaswa kujua. Lakini hata halikunipitia akilini kwamba ni jambo la kusemwa. Ungenipeleka mimi kwa mgeni, ningejiosha vilevile. Huelezi mtu kwamba umevaa nguo.

Basi Sista akamkwangua Euphrasia kama alivyo. Akapaka iodini. Ile njano ilikuwa palepale. Sikupenda ukubwa wake.

"Sasa naomba nifinye," Sista akasema.

"Ngoja kioo."

"Euphrasia, kioo cha kwanza hakikuona kitu kwa sababu..."

"Nimesikia. Basi hiki kitaona. Tungoje."

13 Februari

Bibi Kabula ameelezwa. Amekasirika sana. Anasema katika maisha yake hajawahi kusikia daktari anayetaka uchafu.

28 Februari

Ignas amekuja na bahasha. Mvua imeanza tena tangu juzi.

Vioo vya Februari vimejaa chembe, mtaalamu anashukuru hata anauliza tumefanya nini. Wengi wazima kabisa, pamoja na wale wenye vipunje vya kichocho. Lakini cha Euphrasia kina chembe mbaya. Nyingi. Anasema akatwe upesi, kabla donda halijashuka chini.

Nimekwenda sokoni mbio, mimi na uzito wangu. Mahali pake palikuwa na mwanamke mwingine, anauza dagaa.

"Mama Scolastika? Ameondoka juzi, kwenda Geita. Binti yake Scolastika amejifungua."

3 Machi

Mvua.

4 Machi

Mvua. Daraja la kuelekea kaskazini limezama.

6 Machi

Mvua. Maige ananiuliza kwa nini sili. Nikamwambia. Hakusikia, nikapiga kelele. Majirani wote wamesikia.

7 Machi

Sista anauliza kila asubuhi, "Barabara?" Namjibu, "Bado." Leo aliniuliza jambo jingine: kama mimi nimeshapimwa. Nikasema nina uji jikoni.

12 Machi

Ignas amesema lori linaweza kujaribu.

16 Machi

Nimerudi. Naandika mkono ukiwa na malengelenge kwa kulisukuma lori.

Tulifika Geita siku ya pili. Nilisikia mashine za kusaga mawe kabla sijaona kitu: du, du, du, ileile, mchana na usiku. Zamani tulikuwa tunalala nayo kama moyo wa mama, ikinyamaza ndipo tunaamka. Nyumba zetu zile zimepakwa chokaa mpya, na mbele ya iliyokuwa yangu kuna mwanamke wa Kisumbwa anaanika mihogo, mchanga kabisa, mwembamba. Alinipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikatamani kumwambia wakati wake wa kucheza ni sasa na asikawie. Sikumwambia. Nilikuwa na haraka.

Nyumba ya jirani, kwa Scolastika, Euphrasia alikuwa na mjukuu wake mapajani. Aliponiona mlangoni, tope mpaka kiunoni, hakuuliza nimekuja kufanya nini. Alimrudisha mtoto kwa Scolastika.

"Sema."

Nikasema.

Du, du, du. Kisha akaanza maskhara, lakini sauti ilikuwa nyembamba. "Kioo cha kwanza, mzima. Cha pili, mgonjwa. Cha tatu kitasema nini? Mjamzito?"

"Eufra, cha kwanza tulikiosha."

"Siendi. Pantaleo aliingia hospitali kwa miguu yake. Alitoka vipi? Uliona mwenyewe, ulishika upande mmoja wa machela."

"Pantaleo alichelewa. Wewe hujachelewa."

"Mimi siumwi, Bena! Mahali popote! Mtu asiyeumwa anakatwaje?"

Nilisema yote niliyofundishwa. Nilisema vizuri, kama Sista, nikaongeza mfano wa mhogo unaooza ndani ukiwa na ganda zuri. Haikusaidia. Scolastika akalia, haikusaidia. Siku nzima ilipita hivyo. Jioni tumekaa barazani, akaniuliza bila kunitazama:

"Na wewe? Rangi ilikuonyesha nini?"

Nikaanza kubandua tope miguuni.

"Bena?"

"Sijapimwa."

"Hujapimwa?"

"Sijapanda meza ile hata siku moja."

"Umetutoa sokoni. Umetufunua wote. Umetushika mikono ukituambia 'pumua, haiumi', na wewe..."

"Naogopa," nikamwambia. "Naogopa mpaka kuvuja jasho. Kila Sista akiniuliza, nasema nina uji jikoni."

Nilitarajia anitukane. Alinitazama kama mtu aliyeona nyoka amevaa kofia. Halafu akacheka kile kicheko chake cha Geita, cha kupiga paja, mpaka mtoto akaamka na yule Msumbwa akachungulia.

"Wabeja, Bena," akanishukuru kwa Kisukuma alipopata pumzi. "Wabeja sana. Nilidhani ni mimi peke yangu mjinga." Akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Basi twende. Lakini nikikatwa, na wewe unalala hapohapo kwenye meza. Nitakushika mkono nikuambie haiumi."

18 Machi

Amekatwa. Sista alitoa kizazi chote. Damu ilitoka nyingi kuliko ilivyopaswa. Nilishika taa. Sikuisogeza.

Sasa amelala. Anapumua.

19 Machi

Anapumua.

21 Machi

Ameomba uji, akasema wa hospitali hauna sukari.

10 Aprili

Pasaka. Euphrasia ametembea mpaka kanisani, hatua moja moja, ameniegemea. Watu wakasimama kumpisha.

22 Aprili

Nimesikia yanayosimuliwa sokoni, na kwa kuwa yananisifu, nimeyaacha yasimuliwe kwa wiki nzima. Wanasema nilivuka mto na Euphrasia mgongoni. Wanasema Sista Lioba amegundua dawa ya iodini inayoona ugonjwa kupitia tumbo. Bibi Kabula anasema yeye ndiye aliyegundua, kwa vitambaa.

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Mto tulivuka ndani ya lori, nimefumba macho. Euphrasia hakuja kwa maneno yangu mazuri, alikuja kwa sababu nilikuwa mwoga kama yeye. Wiki iliyopita nilipanda meza, kama nilivyoahidi. Alinishika mkono akiwa amekaa kwenye kiti, akaniambia "haiumi", na ilikuwa inabana kidogo, mwongo mkubwa. Rangi ilishika kote. Nililia hata hivyo.

Kuhusu zile njia mbili, Sista ameandika kwamba hakuna iliyoshinda. Iodini ilimwona Euphrasia tangu siku ya kwanza, kweli, lakini iliwasingizia wanawake wengi wenye kichocho, na kama tungeifuata peke yake tungefinya nusu ya wilaya. Kioo hakikumsingizia mtu, lakini kilimpita Euphrasia, kwa kosa letu, na miezi mitatu ilipotea. Mwaka ujao nitakwenda vijijini na chupa, na wale watakaobaki wa njano watakuja hapa kwa kioo, bila kujiosha. Hilo la mwisho ndilo kazi ngumu kuliko yote.

Na jana jibu la mwisho limekuja, la kile kizazi chenyewe, ambacho Sista alikipeleka pwani ndani ya chupa ya dawa. Ugonjwa ulikuwa juu juu karibu wote. Mahali pamoja ulikuwa umeanza kushuka, kidogo. Kingo za kilichokatwa ni safi. Sista hakusema amepona. Alisema, "Natumaini. Aje kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka mitano." Nikamwomba anieleze maana ya natumaini kwa Kiswahili. Akafikiri, akasema, "Ni natumaini."

Nilimpelekea Euphrasia neno hilo kama lilivyo, sikulitia sukari. Ameanza tena kukaanga, amekaa kwenye kigoda, anageuza kwa mkono mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Chupa hiyo ilikwendaje pwani?"

"Ignas mpaka Shinyanga. Kisha treni."

"Treni mpaka Dar es Salaam?"

"Mpaka Dar es Salaam."

Aliipua kitumbua, akakiweka juu ya jani, akakitazama kinavyotoa moshi.

"Watoto saba mle ndani," akasema taratibu. "Watatu wako hai." Kisha akanisukumia kile kitumbua. "Na sasa kizazi kimepanda treni, kimeona bahari, mimi mwenyewe sijafika hata Tabora. Kula, Bena, kingali cha moto."